Yanga ilipogeuka Zanga, nikamtimua shemeji!

Wiki iliyopita niliwaahidi kuwa leo tungewazungumzia vijana wanaokwenda kuposa wakiwa ndani ya suti za kuazima. Suti zitasubiri. Leo nina la kwangu mwenyewe, tena la aibu, na mama watoto kasema nisipoliandika mimi ataliandika yeye.

Ni hivi. Jumapili iliyopita nilimtimua shemeji yangu nyumbani. Mdogo wake mama watoto, kijana wa chuo, mpole, anayekula kidogo na kuosha vyombo bila kuambiwa. Nikamtolea maneno ambayo siwezi kuyarudia humu. Kisa? Kibodi.

Turudi nyuma kidogo. Laptopu yangu ni mtumba, niliinunua Kariakoo, na vitufe vyake vinaonyesha wazi kwamba mwenyewe wa kwanza alikuwa Mjerumani. Ina zile herufi zenye vidoti viwili kichwani, Ö, Ä na Ü, na pale unapotegemea kukuta Y unakuta Z, na Z imekaa mahali pa Y. Muuzaji aliponiona nashangaa akasema, "Bro, hiyo ni orijino ya Ulaya," nami nikatoa mshiko nikaondoka kifua mbele.

Ilikuja na Windows 10. Sasa mnajua tena, tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walifunga rasmi huduma ya Windows 10, na hii mashine yangu ni kikongwe, Windows 11 haiitaki hata kwa dawa. Shemeji ndiye aliyeniokoa. Akasema, "Shemeji, tuweke Linux, ni ya bure na haina uzito." Linux ndiyo ile aliyoianzisha kijana wa Kifini, Linus Torvalds, mwaka 1991, akiwa mwanafunzi kama huyu shemeji yangu. Akaniwekea aina yake inayoitwa Ubuntu, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2004 chini ya tajiri mmoja wa Afrika Kusini, Mark Shuttleworth. Ubuntu maana yake ni utu. Kumbukeni hilo neno, maana utu ndio nilioukosa Jumapili.

Wakati wa kuiweka, mashine ilimuuliza kibodi yako ni ya lugha gani. Kijana akatazama vitufe, akaona ni vya Kijerumani, akajibu Kijerumani. Jibu la mtu mwenye akili timamu. Tatizo ni mimi. Mimi nimejifunza kupiga taipu zamani, vidole vyangu vinajijua, sitazami chini. Siku ya tatu tu nikachoka: nikiandika "ya" inatoka "za", nikiandika "zaidi" inatoka "yaidi". Makala nzima ikasomeka kama imeandikwa na mlevi. Basi bila kumwambia mtu nikaingia kwenye mipangilio, nikakitupa Kijerumani, nikaweka Kiingereza. Viingereza vilikuwa vingi kwenye ile orodha kama mabasi ya Mbagala. Nikachagua kimoja kilichoandikwa ni cha Marekani, cha kimataifa. Cha kimataifa! Nani angekiacha?

Siku hiyohiyo nikabadilisha na paswadi. Shemeji alikuwa ameniwekea namba za kitoto, nami nikaweka ya kiume: Yanga1935. Naitaja hadharani kwa sababu imeshakufa na kuzikwa, msijisumbue.

Ikapita kama miezi miwili bila kasheshe yoyote. Laptopu nilikuwa siizimi. Nikimaliza kazi nafunika mfuniko, kesho nafunua, naandika paswadi, inafunguka. Waya wake hauchomoki ukutani, maana betri ya mtumba inakaa dakika kumi ukiisifia sana.

Jumamosi usiku luku ikaisha. Sote tumelala, hakuna wa kununua umeme. Laptopu ikanywa zile dakika zake kumi ikazimika kabisa. Asubuhi nimenunua umeme, nimeiwasha, nimeandika paswadi. Ikakataa. Nikaandika tena polepole. Ikakataa. Nikaandika kwa kidole kimoja, huku nahesabu vidoti kwenye skrini: tisa, sawasawa. Ikakataa. Jasho likaanza kunitoka, maana makala ya Jumatatu ilikuwa humo, na mahesabu ya vikoba ya mama watoto yalikuwa humo, na picha za msiba wa baba mkwe, ambazo hazipo mahali pengine popote duniani, nazo zilikuwa humo.

Sasa akili ya mwanadamu ikikosa jibu hutafuta mtu. Nani aliigusa hii mashine mara ya mwisho? Shemeji, Ijumaa, alikuwa anajaza fomu zake za ufadhili wa masomo. Nani anajua mambo ya Linux humu ndani? Shemeji. Na nani, hili ndilo lililonimaliza kabisa, ni Simba damu, anayekaa kwenye nyumba ya mwana Jangwani na kunicheka kila tukifungwa? Shemeji!

Nikaunganisha moja na mbili nikapata kumi na saba. Nikamwita sebuleni. "Umebadilisha paswadi yangu." Akasema, "Shemeji, mimi paswadi yako hata siijui, Ijumaa ulinifungulia mwenyewe." Nikamwambia asinifanye mtoto. Akajitetea, nikapandisha sauti, majirani wakazima redio ili wasikie vizuri. Mwisho kijana akachukua begi lake la mgongoni akaenda zake Mabibo kwa mwenzie wa chuo. Hakubamiza mlango. Aliurudisha taratibu, na hicho ndicho kilichonichoma baadaye.

Mama watoto hakusema neno. Waliooa wanaijua hiyo hali.

Mchana nikaibeba laptopu hadi kwenye kibanda cha fundi mmoja. Akaiwasha, akaitazama kama daktari anayetazama mgonjwa asiye na ndugu, akasema, "Hii mkubwa tunapiga chini kila kitu, tunaweka upya. Elfu thelathini." Nikamuuliza vitu vyangu je? Akasema vitu vitaondoka, ila mashine itakuwa bomba. Wallahi nilikuwa nimeshatoa pesa mfukoni. Nilichoogopa si makala, makala naweza kuandika upya. Niliogopa kurudi nyumbani kumwambia mama watoto kwamba ile picha ya baba yake akicheka, ambayo ndiyo ya mwisho, nimeilipia elfu thelathini ifutwe. Nikaikunja laptopu nikaondoka. Fundi akanipunguzia hadi elfu ishirini nikiwa nimeshavuka barabara.

Kufika nyumbani, saa 2 usiku, mama watoto ndiye aliyevunja ukimya. Akasema, "Unajua fomu za mdogo wangu zinafungwa leo saa 6 usiku? Na vyeti vyake alivyoskani vimo kwenye hiyo mashine yako?" Sikujua. Au tuseme niliambiwa Ijumaa nikiwa natazama mpira. Simu ya kijana kioo chake kimepasuka, hakionyeshi nusu ya chini, kwa hiyo hata kujaza kwa simu hawezi. Nimemfukuza mtu siku ambayo mwaka wake mzima wa masomo unaning'inia, na kifaa anachokihitaji nimekifungia ndani.

Akampigia mdogo wake, akaweka spika, akanisukumia simu.

"Shem, habari za huko?"

Kimya. "Salama shemeji. Shikamoo."

Shikamoo hiyo, ndugu zangu, ilikuwa nzito kuliko tusi. Nikamweleza kwamba mashine bado imegoma. Hakuuliza kwa nini nampigia yeye. Akasema, "Shemeji, pale unapoandika paswadi, mwisho wa kile kisanduku kuna alama ya kijicho. Iandike paswadi yako kama kawaida, usibonyeze kitu kingine, halafu bofya kijicho unisomee kilichotokea."

Nikaandika. Nikabofya. Vidoti vikageuka herufi, na mbele ya macho yangu pakasomeka: Zanga1935.

Mama watoto alikuwa nyuma yangu. "Zanga ndiyo nani?" Mikono kiunoni. "Nauliza, Zanga ndiyo nani huyo aliyezaliwa 1935?"

Kwenye simu nikasikia shemeji anacheka, mara ya kwanza siku hiyo. "Shemeji, sasa usiandike kwa mazoea. Tazama chini, kitafute kitufe chenye alama ya Y, ubonyeze hicho." Nikatazama chini kama mtoto wa chekechea. Nikabonyeza. Mashine ikafunguka mara moja, picha ya harusi yetu ikajaa skrini.

Kumbe hakuna aliyegusa paswadi. Mwizi alikuwa mimi na vidole vyangu. Alivyonieleza shemeji ni hivi, nami nawaeleza kama nilivyoelewa. Ndani ya Linux kibodi haina mpangilio mmoja. Kuna wa mashine nzima, unaotumika kwenye ule ukurasa wa kwanza ukiwasha, na kuna wako wewe, unaoanza kazi ukishaingia ndani. Mimi nilibadilisha wangu tu. Ndiyo maana nilipokuwa nafunika na kufunua mfuniko hapakuwa na tatizo, kwa sababu mashine ilikuwa haijazima, bado ilikuwa inasikiliza Kiingereza changu. Luku ilipoisha ikaanza upya, ikarudi kwenye Kijerumani cha siku ya kwanza, na mbele ya Mjerumani ile Y ya vidole vyangu ni Z. Vidoti havisemi ni herufi gani. Vinasema idadi tu, na idadi ilikuwa sawa.

Nikawaza ni watu wangapi hapa mjini wametoa elfu thelathini kwa kosa la herufi moja. Maana mitumba hii haitoki Ujerumani peke yake. Iliyotoka Ufaransa ina A mahali pa Q, na namba zake za juu hazitoki mpaka ushike Shift. Ndugu zetu wa Burundi na Congo wanazijua sana hizo. Iliyotoka Uingereza imebadilishana mahali pa alama ya @ na zile alama za kunukuu, sasa mwenye paswadi yenye @ atalia. Zinazopitia Dubai nyingi zina Kiarabu pembeni ya kila kitufe, na mtoto akikaa juu ya kibodi akabonyeza kile kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na kitufe kirefu cha nafasi, lugha inahama, na ukibonyeza A inatoka shini. Binti mmoja wa mtaani kwetu alidhani amelogwa. Ukibonyeza hivyohivyo tena, lugha inarudi. Na lugha zikiwa zaidi ya moja, herufi mbili ndogo juu upande wa kulia wa skrini zitakwambia uko kwenye ipi: en, de, fr, ar. Yangu ilikuwa na moja tu, haikunionyesha kitu.

Nikampelekea shemeji bodaboda Mabibo, nauli juu yangu kwenda na kurudi. Akafika saa 3 na nusu. Sikuwa na maneno mazuri. Nikamwambia, "Shem, nimekosa." Akasema, "Yameisha shemeji, naomba nikae hapo mezani." Nilidhani kweli yameisha. Kumbe ndiyo kwanza aibu yangu inafika nusu.

Akafungua fomu yake. Ijumaa mtandao wa ule mfuko ulimkatalia, ukasema jina halilingani na la kwenye vyeti. Alijaribu mara nne, akadhani ofisi yao ndiyo mbovu, na mimi nilikuwa nimemuunga mkono kwa sauti kubwa kwamba ofisi za siku hizi kimeo tupu. Jina la ukoo wao wasomaji silitaji, ila ni la Kisukuma na linaanza na Ng'w, kama yalivyo mengi ya kule kwao Kanda ya Ziwa. Akaandika Ng, akabonyeza ile alama ya king'ong'o. Haikutoka kitu. Akabonyeza w. Ikatoka w yenye kikofia: Ngẃ. Akafuta. Akabonyeza alama mara mbili, kama alivyofanya Ijumaa, ikatoka alama, akaandika w. Kwa macho jina likakaa sawa. Akatuma, ikakataa.

Akakaa kimya, akaisogelea skrini. Halafu akaniuliza taratibu, "Shemeji, ulipobadilisha kibodi, ulichagua Kiingereza kipi?"

Nikasema, "Cha kimataifa."

Akainamisha kichwa juu ya meza.

Kile cha kimataifa, ndugu zangu, kina kitu ambacho Waingereza wanakiita vitufe mfu. Mimi naviita vitufe maiti. Kimetengenezwa kwa ajili ya wanaoandika Kifaransa, Kireno, Kihispania, watu wenye herufi za kuvalishwa vikofia. Ukibonyeza ile alama ya king'ong'o, haitoki. Inalala kama maiti inamsubiri mwenzie. Ikija o inampanda kichwani, unapata ó. Jaribu kuandika ng'ombe: unapata ngómbe. Jaribu ng'ambo: ngámbo. Mimi nilikuwa nimeiona hiyo ngómbe kwenye makala zangu, nikadhani ni uzuri wa Linux.

Na ukibonyeza mara mbili, inayotoka si ile alama yetu. Ni kile kikofia chenyewe kimesimama peke yake. Kwa jicho la binadamu, ' na ´ ni mtu na pacha wake. Kwa kompyuta ni watu wasiojuana: ile yetu ni namba 39, hii nyingine ni namba 180. Kuna na ya tatu, ile iliyopinda ambayo programu za kuandikia barua hupenda kukuwekea bila kuulizwa, nayo ni 8217. Kwa hiyo mtandao wa watu haukuwa mbovu. Ulikuwa unasoma jina ambalo halipo kwenye cheti chochote Tanzania hii, na unakataa kama ulivyofundishwa. Kijana alikuwa anakosa ufadhili kwa sababu shemeji yake anapenda vitu vya kimataifa.

Saa ilikuwa 4 na robo. Akanionyesha njia ya haraka kwanza: ukiwa kwenye hicho cha kimataifa, bonyeza alama kisha kitufe kirefu cha nafasi, inatoka yenyewe, ile ya 39. Halafu akaona atibu kabisa. Mipangilio, sehemu ya kibodi, panapoorodheshwa lugha za kuandikia: akaongeza Kiingereza cha Marekani cha kawaida, kisicho na maneno mengi mbele, akakifuta changu. Humo kwenye orodha nikaona hadi Kiswahili cha Tanzania na Kiswahili cha Kenya, vimekaa pale miaka yote hakuna anayevisalimia. Akaandika ng'ombe. Ikatoka ng'ombe. Sijawahi kumfurahia ng'ombe kiasi kile.

Akafuta jina lote kwenye fomu, akaliandika upya herufi kwa herufi, maana ukiacha alama ya zamani humo ndani hujafanya kitu. Akapakia vyeti. Mtandao ukawa wa kobe, sote watatu tunatazama kile kiduara kinazunguka, mama watoto kashika tasbihi. Saa 5 na dakika 38 ikaja: imepokelewa. Mama watoto akapiga kigelegele, majirani wakazima redio tena.

Ndipo akashughulika na mlango wa mbele, ule Ujerumani uliobaki kwenye ukurasa wa kuwashia. Akafungua ile skrini nyeusi ya amri, akaandika sudo dpkg-reconfigure keyboard-configuration, ikaja orodha, akachagua palepale Kiingereza cha kawaida. Wanaopenda njia nyingine, alisema, kuna faili liitwalo /etc/default/keyboard, ndani yake kuna XKBLAYOUT. Kama ina de unaandika us. Kisha unaizima mashine na kuiwasha, na unajaribu paswadi huku kijicho kiko wazi, kabla hujaenda kulala. Mimi nilitaka kulala bila kujaribu. Alinitazama tu, nikajaribu.

Majibu ya ufadhili yanatoka mwezi ujao, nitawajulisha. Shemeji amerudi chumbani kwake, na vyombo siku hizi naosha mimi. Mama watoto ndiye aliyetoa hukumu: mpaka majibu yatoke, paswadi ya laptopu inachaguliwa na mdogo wake. Siwezi kuitaja, ila ina jina la timu ya Msimbazi na mwaka wao, 1936. Haina Y wala Z. Kila asubuhi naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, na yule bwana mdogo anapita nyuma yangu na kikombe cha chai, anauliza kama kijicho kiko wazi.

Suti za kuazima, wiki ijayo.